Sabuni Kwenye Bawa

Siku ya kwanza nilifika kiwanja cha ndege cha Kiirua cherehani yangu ikiwa imefungwa nyuma ya bodaboda. Nilikuwa mshonaji wa sare za shule, na nilichoambiwa ni kwamba kuna mzee anatafuta mtu wa kitambaa. Nikafikiri ni mapazia. Mzee huyo, ambaye wote walimwita Fundi Mkuu, alinipeleka kwenye zizi lake la zamani akanionyesha mifupa ya ndege, mbao nyembamba zilizopinda vizuri, hazina ngozi.

"Unaweza kuvalisha hii?"

"Inaenda shule gani?" nikamuuliza.

Hakucheka. Nikajua hapa nimekuja kazini kweli.

Nyinyi vijana mnaokuja kutazama mbio mkiwa na simu juu, mnadhani ndege ni injini tu. Hizi ndogo tunajiundia wenyewe, na bawa lake ni mbavu za mbao zilizounganishwa kwa gundi, juu yake kitambaa. Kitambaa kikishagandishwa hupigwa pasi ili kisinyae na kukaza. Joto likizidi, kinavuta mbavu mpaka zinapinda, na ndege hiyo itaruka kiubavu. Mimi nilikuja na pasi yangu ya makaa. Fundi Mkuu aliifungua akamwaga makaa yote nje.

"Makaa haina kipimo. Tumia ya stima. Hii si kola, Mama Kendi."

Niliumia, lakini nilirudi kesho yake. Sikuwa mtu wa kufukuzwa na makaa.

Baadaye nilipelekwa Embu, kwenye karakana ya wenzetu, chini ya Msimamizi ambaye kabla ya chai alikuwa haongei na mtu. Baada ya chai alifundisha vizuri. Alinionyesha matundu madogo chini ya bawa, karibu na ukingo wa nyuma, ya kutolea maji. Maji yakibaki ndani, ndege ikiinua pua yanakimbilia nyuma yote pamoja, na rubani anabaki kupigana na usukani. Alinifundisha pia kugonga. Bawa zima hulia kama ngoma iliyokaushwa vizuri.

"Gonga bawa kwanza, salamu baadaye," alikuwa akisema. "Mwenye ndege atakuambia iko sawa. Bawa haidanganyi."

Niliporudi Kiirua niliongezewa kazi ya bendera. Mbio zetu huanzia pale, zinazunguka alama ya Mikinduri, zinapita juu ya mashamba ya miraa ya Laare, kisha zinarudi. Mshika bendera husimama mstarini. Saa sita, kabla mawingu ya mlima hayajashuka, bendera hukunjwa, na anayekuja baada ya hapo hahesabiwi.

Kwa miaka mingi Fundi Mkuu aliunda ndege za wengine. Yake mwenyewe aliijenga polepole, kipande baada ya kipande, na ilipokamilika macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Daktari alimwambia msimu huo ndio wa mwisho kuruhusiwa kuruka. Kwa hiyo alikuwa na mbio moja tu maishani. Kushinda hakukumsumbua. Alitaka kuvuka mstari na ndege yake, basi.

Siku moja kabla ya mbio, mkewe Mama Mwenda na akina mama wa kanisa walikuja kuiombea. Huwezi kuombea kitu kichafu, kwa hiyo waliiosha kwanza, kwa ndoo na povu. Walipoona matundu chini ya bawa walidhani ni panya. Wakafanya kile ambacho kila dereva wa huku hufanya tangi la lori likivuja: wakayaziba kwa sabuni ya kipande. Maji yaliingia juu, kwenye pengo la nyaya za usukani, yakakosa pa kutokea.

Asubuhi nikagonga bawa la kushoto. Likajibu kama gunia la viazi.

Nilikwangua sabuni, maji yakanimwagikia mpaka kwenye viatu. Kisha nikatoa kisu. Fundi Mkuu alikuwa tayari amevaa kofia.

"Mama, weka hiyo kisu chini. Maji si imetoka? Wenzangu wanawasha injini."

"Gundi imelala kwa maji, Mzee. Lazima nione kama mbavu zimeachia."

"Ukikata, mimi sitaenda! Na mwaka ujao sitakuwa!"

"Najua," nikasema, nikakata.

Nilikuwa nalia, siwafichi. Nililia huku nikikata. Ndege zingine ziliondoka moja baada ya nyingine juu ya vichwa vyetu. Tulikausha mbavu zote, tukazivuta moja moja kwa vidole, Mama Mwenda akishika taa na kujilaumu bila kupumzika. Gundi ilikuwa bado imeshika. Nikaweka kiraka, nikakipiga pasi, nikagonga tena. Fundi Mkuu mwenyewe aligonga baada yangu, akapanda. Alipaa wakati mshindi alikuwa anatua.

Saa sita ikafika. Mkuu wa Mashindano, mwalimu mkuu mstaafu aliyependa filimbi yake kuliko watu, akaja mstarini.

"Mama Kendi, kunja bendera. Time imeisha."

"Kuna mtu hajarudi."

"Sheria ni sheria!"

"Basi chukua uikunje wewe, Mwalimu."

Aliniangalia, akawaangalia akina mama wa kanisa waliokuwa wamejipanga nyuma yangu na ndoo zao. Akaenda kutafuta kiti.

Tulisikia injini kabla ya kuiona. Fundi Mkuu alivuka mstari chini chini, akatua. Alishuka akanijia moja kwa moja, kofia bado kichwani.

"Mstari umefungwa?"

"Ungefungwa aje na wewe uko juu?"

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa nimestaafu. Uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano, na wanaovalisha ndege kitambaa sasa ni wasichana niliowafundisha. Fundi Mkuu haoni mbali. Lakini siku ya mbio tunawekewa viti viwili mstarini, na siku hizi hakuna anayeuliza ni saa ngapi. Mshindi huwa ameshakula na kunywa soda. Sisi bado tumekaa na bendera, yeye akisikiliza, mimi nikitazama Laare, mpaka wa mwisho arudi.