Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mimi ni mwoga, na ni heri mjue mapema. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa askari hata anaponisalimia vizuri. Kwa hiyo siku baba aliponiambia nimepata kazi ya kupima maziwa kwenye kituo cha kule juu ya Mahoko, sikufurahi. Nilienda kukaa uani peke yangu.

Nilikuwa nimekaa bila kazi hapa Gisenyi karibu mwaka mzima. Nilisomea mifugo, nikapima maziwa kwenye ushirika mdogo wa wafugaji mpaka ulipovunjika, kisha nikawa namsaidia dada yangu kuuza nyanya karibu na mpaka wa Petite Barrière, anakovukia kwenda Goma, upande wa Kongo. Kupima maziwa nakupenda. Unachanganya maziwa na alkoholi kidogo kwenye kikombe, unatikisa, ukiona yamefanya vibonge unayakataa, na mwenyewe anakununia mpaka kesho yake. Ni kazi ya kugombana na watu ukiwa na haki, na hapo tu ndipo woga wangu hunipa likizo.

Lakini kituo kile kila mtu alikijua. Kijana aliyekuwa akipima pale alitia sahihi kwenye karatasi ya maziwa yaliyopelekwa kwenye sherehe ya mahari, na wageni wakaugua. Polisi walipokuja waliuliza jambo moja tu, sahihi hii ni ya nani. Kijana akawekwa ndani miezi saba. Mwenye kituo hakuguswa, na wiki ile ile magari yake yalikuwa yanashuka kwenda mpakani kama kawaida. Watu walisema maziwa ya pale hutiwa dawa ili yafike Goma bila kuharibika. Walisema hivyo kwa sauti ya chini, baada ya kutazama nyuma yao.

Utaniuliza kwa nini sikukataa palepale. Sikukataa kwa sababu mwenye kituo ndiye aliyempa baba yangu ng'ombe. Kule Masisi, Kongo, tulikoishi zamani, baba alikuwa na kundi. Tuliporudi Rwanda alifika na fimbo tu mkononi. Mtu yule, ambaye walijuana tangu huko, akamtolea mtamba. Kwetu aliyekupa ng'ombe si rafiki wala ndugu, amewapita wote. Baba akitaka kuapa anaapa kwa jina la aliyempa ng'ombe. Uzao wa mtamba ule uko Busasamana kwa baba yangu mdogo mpaka leo, na karo yangu ilitoka kwenye maziwa yake. Hata huo ujuzi wa kupima, ukiufuatilia, unafika mlangoni kwa mtu yule.

Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, lakini baba akitaka kunilazimisha jambo huhamia Kiswahili cha Masisi.

"Ule muzee ameniomba mutoto," akasema. "We unataka nimwambie nini? Ati mutoto wangu anamuogopa?"

Nilitaka kusema ndiyo, mwambie hivyo hivyo. Nikasema nitaenda kuona kwanza.

Nilienda Jumatano. Mwenye kituo alikuwa mtu mwembamba, mpole, viatu safi kuliko sakafu. Angekuwa mkali ningejua pa kusimama naye. Alinionyesha daftari la kupokelea, akapitisha kidole polepole chini ya mistari.

"Hapa unaandika jina ya mwenye maziwa, hapa unaweka signature yako," akasema. "Mi siwekake hata moja. Mi sijue mambo ya maziwa, mi niko commerçant tu, mutu ya biashara."

"Ndiyo, papa."

"Baba yako alikuambia tuko nani, mi na yeye?"

"Aliniambia, papa."

"Bon. Basi hatuna mingi ya kuongea. Nitakuja kwenu siku ya yenga na karatasi ya kazi."

Yenga ni Jumapili. Nilihesabu siku nilizobakiwa nazo, zikawa nne.

Asubuhi ile, kwa kujaribiwa, nilipima bidoni kumi na kitu, yale madumu makubwa ya maziwa, nikamwaga alkoholi kwenye kiatu changu. Pembeni, karibu na mlango wa gari, zilipangwa bidoni nyingine zimefungwa kamba nyekundu kwenye mkono. Nilipozisogelea, mama mmoja aliyekuwa anaosha vyombo alinizuia.

"Zile za kamba hatupimake," akasema. "Zile ziko tayari."

Nikamuuliza ziko tayari kwa nini. Akainama akaendelea kusugua.

Nilipoaga, mwenye kituo akakumbuka adabu. Mtoto wa mtu wako hawezi kuondoka kwako mikono mitupu, tena kwenye nyumba ya maziwa. Akamwambia yule mama anijazie kidumu nimpelekee baba. Gari lilikuwa limeshawashwa, dereva anapiga honi, na yule mama mwenye mikono iliyolowa akachota kwenye bidoni iliyokuwa karibu naye. Ilikuwa na kamba nyekundu. Mimi niliiona, naye akaona kwamba nimeiona. Kisha akafunga kifuniko. Nikapokea kidumu kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, nikasema asante.

Baba alikuwa amekwisha kuandaa kikombe. Nikamdanganya. Nikasema mwenyewe ameagiza tuyaache yagande, tunywe ivuguto, kwani najua baba anapenda maziwa ya mgando kuliko nyama. Ningeweza kuyamwaga, mtasema. Lakini nyumbani kwetu maziwa hayamwagwi. Nimeona baba akilamba tone lililodondoka kwenye mkono wa kiti. Siku ambayo ningemwaga kidumu kizima, tena cha mtu yule, ningetafuta pa kulala. Basi kidumu kikakaa dirishani kando ya kiti chake, nami nikawa napita hapo nikijifanya sikioni.

Alhamisi mchana baba alikitikisa. Maziwa bado yalikuwa mepesi kama maji. Ijumaa alikitikisa tena, akafungua, akanusa, akakirudisha. Maziwa huku kwetu hukaa siku moja, mbili, na hapo yameshika. Haya yalikuwa meupe, mepesi, yamenyamaza tu. Jioni ile mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka mitatu, alipanda kwenye kiti na kikombe chake cha plastiki akanyoosha mkono. Nilimpiga kofi mkononi kabla sijajua ninafanya nini. Alilia sana. Baba alinitazama, akatazama kidumu, akampakata mtoto, na mimi nikaogopa macho yake kuliko daftari la yule mtu.

Usingizi ulinihama. Nikikubali, nilijiona nikitia sahihi kwa ajili ya bidoni ambazo sikuzipima, kisha nikiulizwa na polisi sahihi hii ni ya nani. Nikikataa, nilimwona baba akipita sokoni na watu wakisema amemnyima mtoto mtu aliyempa ng'ombe. Nilijaribu kupiga moyo konde. Haukukubali.

Jumapili alikuja baada ya misa, na karatasi ndani ya bahasha. Akakaa, akauliza habari za Busasamana, akaweka kalamu mezani upande wangu. Nakuapieni, kama baba angesema "andika" ningeandika, kwa kuwa nilimwogopa yule mtu, na nilimwogopa baba, na nilitaka tu woga ule uishe.

Baba akainuka, akachukua kidumu dirishani, akamimina kikombe kikajaa. Akampa mgeni kwa mikono miwili.

"Iko yako," akasema. "Ile ulinitumia siku mutoto alikuja kwako. Ona, mpaka leo iko vile."

Mgeni alipokea. Hakuna Mnyarwanda wa rika lake asiyejua namna ya kupokea maziwa. Alikishika kikombe kifuani, akatazama ndani. Nilisikia kwaya ya kanisa la jirani ikimaliza wimbo na kuanza mwingine.

"Docteur amenikataza maziwa," akasema hatimaye, akakiweka chini.

Baba alibaki amesimama. Uso ulimwanguka, sina namna nyingine ya kusema. Nilidhani atafoka, lakini sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi.

"Bon," akasema. "Mutoto wangu hatakuja."

Yule mtu alikunja bahasha, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Tangu siku hiyo sijamsikia baba akiapa. Huanza, "Aliyenipa...", halafu anakohoa.

Ningependa kuishia hapo, baba yangu akiwa jasiri. Lakini hii ni habari yangu, si yake.

Mwezi uliofuata msichana niliyesoma naye mifugo alisimama mbele ya meza yetu ya nyanya, mtoto mgongoni. Alikuwa ameitwa kazini kwenye kituo kile cha juu ya Mahoko.

"Nasikia we njo ulikuwa wa kwanza kuitwa," akasema kwa Kiswahili cha mpakani, ambamo "njo" ni "ndiye" au "ndiyo". "Juu ya nini ulikataa?"

Nilifungua mdomo. Dada yangu alikuwa kwenye foleni ya mpakani na kapu lake, na yule mtu anajuana na wengi pale. Gari lake hupita barabara ile kila siku. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa, woga ule ule, na safari hii baba hakuwepo.

"Ni mbali," nikasema. "Kupanda pikipiki kila siku, nisingeweza."

Akashusha pumzi, akacheka kidogo kwa kufurahi. "Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

Nilimfungia nyanya zake, nikamwongezea mbili juu. Alianza kazi Jumatatu.