Panya wa Nyuma ya Magazeti

Wiki iliyopita tulibomoa nyumba ya Shosho kule Kuresoi. Fundi alipong'oa ubao wa kwanza, harufu ikanipiga puani: mkojo wa panya, moshi na unga uliochacha. Wewe uliyelelewa kwenye nyumba ya mbao unaijua harufu hiyo, usijifanye. Dada yangu mdogo, ambaye ndiye aliyempata mnunuzi wa mbao, hakukunja hata uso. Alikuwa akimwelekeza dereva wa lori arudi nyuma.

Baridi ya Kuresoi haina adabu. Hupenya katikati ya mbao, kwa hivyo Shosho, mama yake baba, alikuwa akibandika magazeti ukutani kwa uji mzito wa ngano. Panya waliufuata uji huo. Walitafuna, gazeti likalegea, upepo ukaingia, naye Shosho akapika uji mwingine na kubandika tena. Aliwalisha hivyo miaka na mikaka huku akiwalaani, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Lakini kuwasoma, aliwasoma. Kila asubuhi kabla ya chai alizunguka nyumba ameinama. Kinyesi alikiponda kwa kidole: kikiwa laini na kung'aa, mwenyewe yuko ndani, kikivunjika kama majani ya chai, huyo alishahama. Alituonyesha mstari mweusi wa mafuta pale wanapojisugua wakipita, na unga wa mbao chini ya tundu jipya. Alinyunyiza jivu kando ya ukuta ili asubuhi atazame nyayo. "Panya hapigi hodi," alituambia, "lakini salamu huacha."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya sindano, ile ndefu ya kushonea magunia ya viazi. Mmoja wetu aligonga ukuta kwa mwiko, panya akakimbia nyuma ya gazeti, karatasi ikatuna. Shosho akabana kwa kiganja, akadunga. Mawaziri wa enzi hizo kwenye magazeti hayo walikuwa wametobolewa macho chumba kizima, na sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nisikudanganye, ilikuwa raha.

Dada hakucheka. Alikuwa mtoto wa kulilia hata kuku wa Krismasi. Upande wake wa kitanda gazeti lilikuwa na tundu, na humo aliishi panya mdogo aliyezoea kula chapati kwenye vidole vyake. Alinionyesha mara moja tu, akaniapisha. Sikusema. Makombo ndiyo yaliyosema.

"Panya akipata chakula hukimbia nacho," Shosho alisema alasiri moja ya mvua, amepiga magoti kando ya kitanda. "Hii chapati imeletwa mpaka mlangoni. Nani ako na mgeni hapa?"

Mwaka uliotangulia panya walikuwa wametafuna mahindi yote ya mbegu, tukala kabichi mpaka tukaichukia, kwa hivyo usidhani alikuwa anatania. Dada alijisogeza mbele ya tundu. Shosho akamwekea sindano mkononi.

"Shosho, tafadhali. Huyu hata hakuli mbegu. Anakula yangu."

"Mgeni ni wako. Msalimie."

"Siwezi."

"Basi leo utalala nje na yeye."

Mimi nikaambiwa nigonge ukuta. Nikagonga. Panya hakukimbia. Alikuja moja kwa moja kwenye tundu akatoa pua, kwa sababu alimjua aliyesimama pale. Dada akadunga. Mara ya kwanza hakumpata vizuri, tukasikia mlio mwembamba, na Shosho akasema, "Tena." Akadunga tena.

Jioni hiyo alipewa yai zima la kuchemsha, ambalo kwetu lilikuwa la wageni wa heshima. Alilila lote, taratibu, bila kunitazama. Sijamwona akilia tangu siku hiyo, hata kwenye mazishi ya Shosho mwenyewe.

Siku hizi watu wa kule wanajenga kwa mawe, habari wanasomea kwenye simu, na panya hunaswa kwa gundi ya dukani. Vya zamani vimekwenda, na vingi sivililii. Kuna kimoja tu kinachoniuma.

Ubao wa mwisho ulipotoka, kiota kikaanguka: vitoto vya panya, vyekundu, macho bado yamefumba. Fundi akasita, nyundo mkononi. Dada akavikanyaga, akasugua soli kwenye nyasi.

"Endeleeni," akasema, "mvua inakuja."

Fundi akanisogelea. "Boss, kwani huyu mathe hana huruma?"

"Alikuwa nayo," nikamwambia.