Picha Yangu Imo Kwenye Tangazo la Kumchafua Mgombea wa Marekani

Naomba mnisitiri, kwa sababu kwa sasa jina langu ndilo kitu pekee ambacho hakijasambaa. Mimi ni Mtanzania, nina miaka thelathini na minne, nimeolewa na tuna watoto wawili. Tunaishi Evere, hapa Brussels. Mume wangu ni mtu wa Tanga, mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Kazi yangu ni kupokea wageni kwenye kumbi za mikutano upande wa Schuman, penye ofisi za Umoja wa Ulaya. Nawaonyesha viti, nawatundikia makoti, na wakimaliza kuhutubia nawasindikiza nje.

Miaka miwili nyuma alikuja mwanasiasa mmoja wa Marekani, mzee wa umri wa baba yangu. Baada ya hotuba niliambiwa nimpitishe ngazi za nyuma kukwepa watu. Katikati ya ngazi nikaona uso umempauka, mkono unatafuta pa kushika. Nikamdaka. Kichwa chake kikaniangukia begani, nikamkumbatia kwa mikono miwili tusije tukaporomoka wote. Maman Béa, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi ninayefanya naye kazi, alikimbia kuleta maji. Mzee akakaa kitako, akanywa, akaniomba radhi kwa heshima zote, wasaidizi wake wakaja wakamchukua. Sikujua kama kuna mtu alipiga picha.

Sasa yule mzee anagombea urais wa nchi yao. Na wenzetu kule, ukifuatilia kampeni zao, sera husikii sana. Utasikia nani ana mchepuko, nani mgonjwa, mtoto wa nani anatumia nini.

Shemeji yangu anaishi Texas. Ndiye aliyeleta lile tangazo kwenye grupu la familia. Wapinzani wa mzee wameweka muziki wa kutisha, halafu sauti nzito inauliza alikuwa akifanya nini Ulaya wakati mkewe yuko nyumbani anaumwa. Kisha inatokea picha. Ni mimi. Wameikata ili sare yangu na ngazi zisionekane, umebaki uso wangu na kichwa cha mwanamume begani. Shemeji aliandika maneno matatu tu: "Huyu si shemeji?" Mama mkwe alijitoa kwenye grupu kimya kimya.

Nilimweleza mume wangu kila kitu, naye aliniamini. Alisema siasa za Marekani ndivyo zilivyo, tusubiri zitapita. Nikashukuru Mungu.

Wiki hiyohiyo timu ya mzee ikajibu mashambulizi. Wakasema yule ni mwanamke aliyevutiwa na hotuba, akaomba kumkumbatia mgombea, na mgombea kwa ustaarabu wake hakukataa. Mume wangu alisoma, akaweka simu mezani.

"Wewe unasema alizidiwa," aliniambia. "Watu wake wenyewe wanasema uliomba. Wao wadanganye ili iweje?"

Jibu nililipata baadaye, pale mama mmoja wa timu yao aliponipigia. Namba yangu kaitoa wapi sijui. Alinishukuru sana, kisha akaniomba nijirekodi video fupi nikiwa natabasamu, niseme ni kweli mimi ndiye niliyeomba. Nikamwambia hapana, mzee alikuwa anaanguka.

"Tunajua," akasema. "Lakini kila siku wapinzani wanamwita mgonjwa. Ukisema hivyo umewapa ushindi. Na wakishakujua jina, hawataacha kitu chako bila kukifukua."

Aliyasema taratibu kama dada anayenionea huruma. Mpaka leo sijui kama lilikuwa onyo au kitisho.

Nikamwendea Maman Béa, shahidi wangu pekee, nikamwomba aje nyumbani azungumze na mume wangu. Alinishika mkono kama binti yake, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani. "Bon, ma fille, mi nilionaka ule muzee akianguka, na macho yangu. Mais kusema, hapana. Kazi ikiisha, batoto batakula nini?" Siwezi kumlaumu. Sote wawili mkataba wetu unakataza kutoa habari za wageni, na bosi ameshatukumbusha mara mbili tangu tangazo litoke, huku ananitazama mimi.

Mume wangu sasa analala chumba cha watoto. Hagombi, na afadhali angegomba. Mama yake anataka wajukuu waende Tanga mpaka mambo yapoe, na mume wangu ameanza kuulizia tiketi. Anasema kitu kimoja tu kitamtuliza: nijitokeze kwa jina na uso, niseme ukweli, mama yake asikie. Nikifanya hivyo, kazi sina, na watu nisiowajua watanichimba mimi na wazazi wangu. Nikirekodi ile video, ndoa nimeivunja kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikinyamaza, watoto wanaondoka.

Jumapili tulikaa sebuleni tukaangalia marudio ya mdahalo wao. Nilikuwa na matumaini, nisiwafiche. Mpinzani akamrushia ile picha mbele ya dunia nzima. Nikamwomba mzee kimoyomoyo aseme tu ukweli, nilizidiwa, yule binti akanisaidia, basi. Akatabasamu. Akasema yeye hukutana na watu wengi, na yule mwanamke hamkumbuki.

Mume wangu alizima televisheni, akaenda kuwavalisha watoto viatu watoke kutembea. Mimi sikuambiwa niongozane nao.

Yule mama wa kampeni amesema atapiga tena kesho asubuhi, na anataka jibu. Ndugu zangu, mliopitia ndoa na mnaojua dunia, mngekuwa mimi mngemjibu nini? Na mume wangu nimwambie nini kabla hajakata hizo tiketi?