Daftari la Mama Kipimo

Fundi wetu katika kituo cha kutazama nyota, tuliyemwita Mama Kipimo, alitunza kwa miaka kumi na tisa mashine inayopima mwendo wa nyota kwa kuchambua mwanga wake. Mwaka nilioajiriwa, nyota moja ilionekana ikitusogelea kidogo, kisha ikirudi nyuma, kila baada ya siku arobaini na moja. Mkuu wetu akasema mashine imezeeka, nifute vipimo. Mama akaja na daftari alimoandika joto la chumba cha mashine, ambalo likipanda au kushuka hupotosha vipimo: halikuwa limebadilika hata chembe.

“Mwanangu, mashine yangu ni nzima. Nyota hiyo inavutwa na mwenzake tusiyemwona.”

Tulipima upya kwa miezi sita, ikawa kweli. Mkuu alimwomba radhi mbele yetu sote. Mimi nilimshika Mama mikono, nikainamisha kichwa.

“Ahsante imefika,” akacheka. “Haya, kanywe chai.”