Picha ya Mwalimu Mugeta Akiosha Miguu

Marehemu mume wangu, Mwalimu Mugeta, hakuwahi kuwa boi wa mzungu. Alifundisha Butiama na Bunda miaka thelathini. Picha inayochekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ilipigwa kanisani Mugango, siku ya Meza ya Bwana, ambapo sisi Wamenonite huoshana miguu. Alimwosha mmisionari mzungu, kisha naye akaoshwa na mzungu huyo.

Aliyeituma, na maneno “boi wa mzungu” chini yake, ni wifi yangu Nyangi, anayeoshana miguu na wenzake kanisa hilohilo tangu usichana. Jana alikuja kwangu Nyasura akitabasamu.

“Wifi, ulikuwa utani tu. Nipe albamu nzima, naandika historia ya ukoo.”

Nilimuuliza:

“Kaka yako umemfanya kichekesho, sasa unataka na picha za mama yako?”

Albamu hapati. Sina neno jingine.