Kufuli la Ghorofa ya Kumi na Mbili

Ulishawahi kumfikiria, hata mara moja, mtu anayeishika roho yako unapopanda lifti? Najua jibu. Tunawapigia makofi wanaokata utepe, na fundi tunamkumbuka siku tukikwama.

Huyu walimwita Mzee Kufuli. Kila fundi wa lifti ana kufuli lake lenye picha yake: akizima umeme hulifunga kwenye swichi, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka kazi iishe. Hata mkurugenzi haruhusiwi kulivunja, maana huenda chini kuna mtu katikati ya nyaya. Kwa miaka thelathini na moja mzee hakuwahi kulisahau, na wenzake walichoshwa na mahubiri yake.

Mfukoni alikuwa na kitu kingine: kadi ya matengenezo, nyuma yake mwandiko wa marehemu mkewe. Mama watoto hakuwahi kuuona mji ule mkubwa ambao mumewe alitumwa mara kwa mara kutengeneza lifti zake.

"Wewe unaujua mji kwa matumbo yake tu," alimtania. "Nenda ukauone uso. Kisha uje unisimulie."

Akaandika vitu vitano. Stesheni ya zamani, daraja la chuma na vingine viwili fundi aliviona kwa kuibiaibia muda, nusu saa hapa, saa ya chakula pale, na kila mara alirudi akamsimulia, hata mkewe alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Kilibaki cha tano: ziwa lote, kutoka juu.

Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwezi ukiisha, anastaafu.

Jumapili, jengo la ofisi likiwa tupu, alibadilisha breki ya lifti peke yake kwenye chumba cha mitambo, ghorofa ya kumi na mbili. Saa kumi jioni akamaliza. Bado kufungua kufuli na kuijaribu lifti. Lakini mlango wa kutokea juu ya paa ulikuwa pale pale, hatua tatu tu. Nachungulia mara moja, narudi, akajiambia.

Ziwa lilikuwa jeupe, limetulia, halina mwisho. Akaketi juu ya saruji yenye joto.

"Mama watoto," akasema, "ni kubwa kuliko tulivyodhani."

Alikaa hapo muda mrefu. Akatoa kadi, akaweka alama ya tano, akakosa wa kumwonyesha.

"Mzee Kufuli," mlinzi akaita kutoka kwenye ngazi, "nafunga geti, au umeamua kuhamia humu?"

Alifuta macho, akabeba mfuko wa zana, akashuka kwa ngazi ghorofa zote kumi na mbili. Fundi wa lifti anashuka kwa miguu, wala hakujiuliza kwa nini.

Asubuhi yake, akiwa kituoni akingoja basi la kurudi kwao, aliingiza mkono mfukoni aitazame kadi. Vidole vikagusa ufunguo. Kufuli lilikuwa bado limefungwa kule juu. Basi likaondoka bila yeye.

Pale jengoni watu walikuwa wamejaa ngazini. Msimamizi wa jengo alimpokea mikono kiunoni.

"Baba, picha yako imekaa huko juu inatucheka. Tulitaka kulikata hilo kufuli, nikakumbuka mahubiri yako."

"Kosa ni langu, mama. Nitaliandika kwenye daftari la lifti kwa mkono wangu."

Alipanda mbio. Ghorofa ya nane aliwapita makarani wawili waliombeba kwenye kiti mama mmoja mwenye magongo, aliyekuwa ameitwa kwenye ofisi ya pensheni, ghorofa ya kumi. Jasho liliwatiririka. Mzee hakuweza kumtazama yule mama usoni.

Alifungua kufuli, akawasha umeme, akaijaribu lifti tupu, kisha akashuka nayo mwenyewe mpaka ya nane. Mlango ukafunguka. Makarani walikuwa wamekitua kiti kando ya dirisha la ngazi.

"Mama, lifti imefika," akasema karani mmoja.

"Nimeiona." Mama hakugeuka. "Hili nalo ni ziwa? Lote hili?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote napita hapa ndani ya sanduku hilo. Ngojeni kwanza."

Mzee Kufuli akauzuia mlango kwa bega, usijifunge.