Asubuhi Ambayo Kamene Hakufika Ruiru

Kamene Mutisya alizaliwa Makongeni, Thika, katika vyumba viwili alivyopata babake alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Akikasirika alinyamaza, na akishanyamaza hata mamake hakujua aanzie wapi kumwuliza. Nyumbani walimzoea hivyo, wakasema ni mpole.

Chuoni, alikosomea utayarishaji wa vyakula, alipata rafiki asiyefanana naye hata kidogo. Kui, msichana wa Ruiru, angeweza kuanzisha urafiki kwenye foleni ya maji. Kamene ndiye aliyekuwa akiokota maganda ya nanasi wanayotupa wachuuzi sokoni, akiyachachusha hadi yawe siki. Jikoni kwa mamake kulinuka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Chupa ya kwanza ilipasuka akina mama wa kanisa wakiwa sebuleni kwa maombi, na mmoja akapanda juu ya kiti akilia kwamba ni bunduki. Kui aliposimuliwa alicheka hadi akaketi sakafuni.

"Hii kitu yako lazima tuipeleke mbele," akasema akifuta machozi. "Wewe tengeneza, mimi nitaongea."

Miaka michache iliyopita wakapata nafasi. Kongamano la kimataifa la kubadilishana wanafunzi lilifanyika Ruiru, na vijana wakaja kutoka Ghana, Finland na Indonesia. Wenyeji walionyesha kazi zao wawili wawili. Jozi itakayoshinda ingekwenda Indonesia kusoma muhula mzima, ila ilibidi wote wawili wafike mbele ya waamuzi siku ya pili.

Siku ya kwanza Kui alieleza, Kamene akamimina siki kwa vijiko. Profesa mmoja mwanamke wa Indonesia alionja, akafumba macho, akaonja tena. Kisha akamgeukia Kamene na kumwuliza kitu. Lafudhi ilikuwa ngeni na maneno yakampita. Kamene akajibu kuhusu joto la chumba cha kuchachushia, kumbe ameulizwa jina lake. Vijana wa meza ya pili wakaangua kicheko. Kui aliingilia upesi, mambo yakaendelea, lakini Kamene alihisi uso umemwaka moto, na moto huo haukuzimika.

Saa ya chakula, akitoka kunawa mikono, alimwona Kui amezungukwa na wageni. Alikuwa ametoa macho, mikono hewani, anamwigiza mtu, na wageni wameshika mbavu. Kamene akasikia jina lake likitajwa. Likatajwa tena, kicheko kikapanda.

Angesogea kidogo tu angesikia hadithi nzima. Hakusogea. Alichukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma na kurudi Thika.

"Mambo yalikuwaje huko?" mamake akamwuliza.

"Yalikuwa sawa, mwaitu," akajibu, kwa neno la Kikamba alilomwitia mamake tangu utotoni. Akazima simu.

Asubuhi iliyofuata hakwenda. Aliosha nguo za nyumba nzima, akateremsha hata mapazia yaliyokuwa safi.

"Kwani leo hurudi kwa wageni wenu?"

"Wameshamalizana na mimi."

Mamake alimtazama, akaona ule ukimya umeingia, akamwachia sabuni.

Jumatatu mwalimu wao, Bwana Kinyanjui, alimsimamisha kwenye mlango wa maabara.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi sikuelewi. Waamuzi walikuwa wamewapenda ninyi. Walimwambia Kui achague mwanafunzi mwingine waende naye. Akakataa. Akawaambia siki ni ya Kamene, yeye ni mdomo tu. Nafasi ikaenda kwa chuo kingine." Akatikisa kichwa. "Na jana yake alivyokuwa akikusifu wakati wa chakula! Aliwaigizia yule mama wa kanisa aliyepanda kiti chupa ilipopasuka. Yule profesa akasema kabla hajapanda ndege lazima alione hilo jiko."

Kamene alishika fremu ya mlango.

Jioni ileile alikwenda Ruiru. Alimkuta Kui uani kwao akianua nguo.

"Nilidhani mnanicheka," Kamene akasema.

Kui alikunja shuka, akaikunja tena, ikawa ndogo kupita kiasi. "Na hukuniuliza."

"Nilikasirika."

"Nilikupigia hadi nikachoka. Nilidhani umegongwa na gari. Nilisimama mbele ya wale watu, kila mlango ukifunguka nasema moyoni, ni yeye huyo."

"Nisamehe, Kui."

"Nimekusamehe," akasema, upesi mno. Mamake Kui akawaita chai. Walikunywa wakizungumzia mitihani, kama watu waliokutanishwa siku hiyo.

Hawakugombana. Kui alianza tu kukaa na wengine darasani. Siku ya mahafali walipigwa picha pamoja, katikati yao wakiwa wamesimama wazazi. Siku hizi Kamene anakagua sharubati katika kiwanda kimoja cha Thika, na bosi wake anasema hana mfanyakazi makini kumshinda. Siki hajaitengeneza tena. Mamake humletea maganda mara mojamoja, hayaguswi, yanaishia kwa mbuzi wa jirani.

Mwaka huu wenzake wa kazini walimpeleka Kamakis, karibu na Ruiru, kula nyama choma. Kui alikuwapo na watu wa ofisi yake. Alikuja mwenyewe hadi mezani, akamkumbatia, akamwulizia mamake. Kamene alikuwa ameyapanga maneno kwa muda mrefu. Alitaka kusema kwamba alimhukumu mtu aliyekuwa akimpenda, na kwamba anajua hilo ni kubwa kuliko safari waliyoikosa.

"Kui, ile siku..."

"Aii, wacha hiyo, Kamene. Nyama yako inapoa." Alitabasamu bila ubaya wowote, akamgusa bega na kurudi kwa wenzake.

"Huyo ni nani?" akaulizwa na aliyeketi kando yake.

Kamene alichukua kipande cha nyama, kilikuwa kimeshapoa.

"Tulisoma pamoja," akasema.